Nani Ana Haki ya Kugawa Nchi?

Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama ufukweni Kashikishi, wilayani Nchelenge, utaona taa nyingi juu ya Ziwa Mweru. Ni taa za wavuvi wa chisense, dagaa wa ziwa letu, ambao hufuata mwanga mpaka nyavuni. Baadhi ya taa hizo ni za Wazambia na nyingine ni za Wakongo, lakini kwa macho huwezi kuzitenganisha. Mama yangu alizaliwa Pweto, upande wa Kongo. Baba yangu alizaliwa Nchelenge. Kiswahili nilikipata kwa mama na sokoni, Kibemba nilikipata kwa baba, na mpaka wa nchi zao unapita katikati ya maji hayo. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari sheria ya Zambia inakataza uvuvi ili samaki wazaliane. Samaki wenyewe hawajui sheria hiyo inaishia wapi.

Babu yangu, baba yake baba, ana msemo wake kuhusu mpaka huo: "Msiri angalitia saini, mama yako asingalihitaji karatasi ya kuvukia." Anakumbuka kisa kinachofahamika katika historia ya eneo letu. Mwezi Novemba 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, akamtaka Msiri, mtawala wa Katanga, atie saini mkataba. Msiri akakataa. Mwaka uliofuata ukafika msafara wa William Stairs, uliotoka Zanzibar kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akapigwa risasi akafa. Katanga ikawa ya Leopold. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 kati yake na Uingereza ukaufanya mto Luapula na Ziwa Mweru kuwa mpaka. Kwa hesabu ya babu, saini moja tu ndiyo iliyoigawa familia yetu.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunafundishwa tofauti ya -nge- na -ngali-. Ya kwanza huzungumzia jambo ambalo bado linawezekana, ya pili huzungumzia jambo ambalo wakati wake umepita. Wahenga nao wametuonya kwamba "ningalijua" huja nyuma. Basi swali la insha hii ni hili: je, kuifikiria historia ambayo haikutokea kuna thamani yoyote ya kimaadili, au ni njia tu ya kupitisha jioni? Nitalijibu kwa kuanzia na riwaya moja, kisha nitarudi nyumbani Nchelenge, kwa sababu huko ndiko swali hili lilikonikuta kabla sijaisoma riwaya hiyo.

Riwaya yenyewe ni ya Lavie Tidhar, mwandishi aliyezaliwa Israeli. Inaitwa Unholy Land, nasi tungeweza kuiita Nchi Isiyo Takatifu. Ilichapishwa mwaka 2018. Mhusika wake, Lior Tirosh, ni mwandishi anayeishi Berlin ambaye anarudi kwao. Kwao si Mashariki ya Kati. Ni nchi ya Wayahudi iliyoko Afrika Mashariki, penye mpaka wa Kenya na Uganda tunaoujua leo. Katika dunia hiyo mauaji ya halaiki ya Wayahudi wa Ulaya hayakutokea. Hata hivyo, ukuta unajengwa ili kuwazuia nje watu walioondolewa katika ardhi yao. Kadiri hadithi inavyoendelea, tunagundua kwamba dunia hiyo ni moja tu kati ya nyingi zilizolala sambamba, na kwamba wapo watu wanaoweza kuvuka kutoka moja hadi nyingine. Kwa msomaji wa fasihi jambo linalovutia ni matumizi ya nafsi. Wahusika watatu wanasimuliwa kwa nafsi tatu tofauti: mmoja kwa nafsi ya kwanza, mwingine ya pili, na Tirosh kwa nafsi ya tatu. Lakini katika nafsi hizo tatu hakuna hata moja ya Mnandi. Sisemi kwamba hilo ni kosa la mwandishi, kwa sababu ukuta wake unatuonyesha wazi kwamba anajua nani ameachwa nje. Ninasema tu kwamba nilipofunga kitabu, nafsi hiyo ya nne ndiyo niliyotaka kuisikia.

Tidhar hakuibuni nchi hiyo kutoka hewani. Mwezi Aprili 1903 Wayahudi 49 waliuawa Kishinev, katika himaya ya Urusi. Mwaka huohuo Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Uzayuni, wazo la kuwapatia Wayahudi eneo katika Afrika Mashariki. Historia imeuita Mpango wa Uganda, ingawa eneo lililolengwa, uwanda wa Uasin Gishu, lilikuwa tayari limehamishiwa upande ambao sasa ni Kenya. Barua ya Serikali ya Uingereza ya Agosti 1903 ilizungumzia ardhi pamoja na utawala wa ndani chini ya ofisa Myahudi. Mkutano Mkuu wa Sita wa Wazayuni, uliofanyika Basel, Uswisi, ukapiga kura: 295 walikubali tume ipelekwe kulikagua eneo hilo, 178 walikataa. Wengi wa wajumbe waliotoka Urusi, ambako damu ilikuwa bado haijakauka, walikuwa miongoni mwa waliokataa, kwa kuwa hawakuona kwamba nchi nyingine yoyote ingeweza kuwa badala ya ile ya mababu zao. Tume ya watu watatu ilizunguka uwandani mwanzoni mwa mwaka 1905, na katikati ya mwaka huo Mkutano wa Saba ukaukataa mpango wote.

Hapo ndipo -ngali- inapoanza. Wengi hujiuliza: wangalikubali, ingalikuwaje? Je, mamilioni ya watu waliouawa Ulaya wangalipona? Je, vita vya Palestina visingalikuwepo? Ni maswali makubwa, na hatupaswi kuyacheka. Lakini angalia jambo ambalo yote yanaliruka. Katika ukumbi wa Basel zilipigwa kura 295 dhidi ya 178 kuhusu malisho ya Wanandi, na hakuna Mnandi aliyeulizwa. Uwanda huo ulionekana mtupu kwa macho ya wasafiri. Mashimo ya makazi ya kale yanayohusishwa na Wasirikwa yanaonyesha kwamba watu waliishi huko tangu zamani. Wamaasai wa Uasin Gishu walioupa jina walikuwa wameishi huko, na Wanandi walikuwa wakichungia huko. Mahali ambapo mwenyewe hayupo siku ya ukaguzi si mahali pasipo na mwenyewe. Kila mkulima wa Nchelenge anayelaza shamba lake la muhogo analijua hilo.

Mtu anaweza kudhani kwamba mpango ulipokataliwa Wanandi waliokolewa. Haikuwa hivyo. Mwaka uleule wa 1905, tarehe 19 Oktoba, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa kuwa wa kutafuta amani. Wanandi wakasukumwa katika eneo walilotengewa, na mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakafika na magari yao ya ng'ombe na kugawiwa mashamba uwandani. Mji wa Eldoret ulianza kwenye shamba namba 64, na mpaka leo wenyeji huuita Sisibo. Kwa hiyo, Wanandi walipoteza katika dunia zote mbili: ile ya riwaya na hii yetu. Na ardhi iliyogawiwa bila kuuliza iliendelea kudaiwa vizazi baada ya vizazi. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humo wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi. Zilikuwa na sababu nyingi, lakini ardhi ilikuwa mojawapo. Watu wale walikuwa wakulima na watoto ambao hawakugawa kitu chochote kwa mtu yeyote.

Kwa mtazamo wangu, hili ni funzo la kwanza la historia isiyotokea. Inatuwezesha kubadilisha jambo moja na kuona ni lipi linabaki vilevile. Ukimwondoa Myahudi Uasin Gishu ukamweka Kaburu, dhuluma inabaki. Basi dhuluma haikuwa katika aina ya mpokeaji. Ilikuwa katika mkono wa mgawaji, aliyegawa kisichokuwa chake.

Je, kuna mtu yeyote mwenye haki ya kugawa nchi? Kwetu bonde la Luapula tuna kisa cha zamani kinachojibu swali hili kwa namna yake. Kabla ya Walunda wa Mwata Kazembe kufika, ziwa na mwambao vilikuwa vya Washila, na mkuu wao alikuwa Nkuba. Inasimuliwa kwamba Nkuba alimuua mpwa wake, mtoto wa dada yake Nachituti, akamkalisha mama huyo juu ya ngozi ya mwanawe bila yeye kujua. Nachituti alipoambiwa na watu, alikwenda kwa Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba akauawa. Kisha Nachituti akampa Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji: udongo ukiwa ni nchi, maji yakiwa ni ziwa na mito.

Nilipokuwa mdogo nilikiona kisa hiki kuwa kizuri na kamili. Sasa nina mashaka nacho. Kwanza, Nachituti alitoa akiwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hapimi. Pili, Washila wa kawaida, wenye mitumbwi na nyavu, nao hawakuulizwa. Tatu, wanaokisimulia kwa fahari zaidi ni wale walionufaika nacho. Hata hivyo, nikikilinganisha na barua ya mwaka 1903, naona tofauti ambayo siwezi kuipuuza. Kapu lilitoka kwa mtu wa ukoo wenye nchi. Na katika simulizi Washila hawafutwi: mpaka leo wanatajwa kuwa ndio wenye ziwa tangu mwanzo, na jina la Nkuba bado lipo. Mpokeaji analazimika kukumbuka nani alimpa. Mtu anayeishi juu ya zawadi ana deni, lakini mtu anayeishi juu ya uwanda "mtupu" anadhani hana.

Mpaka hapa ningeweza kuhitimisha kwa urahisi: mwenye nchi aulizwe, na asipoulizwa ni dhuluma. Lakini kuna upande wa pili, na ni mzito kuliko nilivyotarajia nilipoanza kuandika.

Mwaka 1938, Wayahudi walipokuwa wakitafuta pa kukimbilia kutoka utawala wa Hitler, nchi yetu, wakati huo ikiitwa Rodeshia ya Kaskazini, ilifikiriwa kuwa mahali pa kuwaweka. Tume ikatumwa kuangalia. Mpango mkubwa haukutimia, na walioingia walihesabika kwa mamia tu. Katika mwaka huohuo wa 1938 mtoto wa miaka 13 aliyeitwa Simon Zukas aliwasili kutoka mji wa Ukmergė, Lithuania, kumfuata baba yake aliyekwisha kutangulia. Tunamfahamu Zambia. Alijiunga na harakati za kupinga ukoloni, serikali ya kikoloni ikamfukuza nchini mwaka 1952, akarudi baada ya uhuru, akawa waziri, na alifariki mwaka 2021 akiwa Mzambia. Wayahudi waliobaki Ukmergė waliuawa mwaka 1941.

Kwa hiyo "hapana" nayo ni tendo. Wale waliosema mwaka 1938 kwamba nafasi haitoshi hawakumpiga mtu risasi, lakini walifunga mlango ambao nyuma yake watu walikuwa wakiuawa. Mwenye nchi ana haki ya kuulizwa, sawa. Je, ana haki pia ya kujibu lolote atakalo? Tukumbuke tena kwamba mwaka 1938 wenye nchi hawakuulizwa. Baraza la Kutunga Sheria halikuwa na mjumbe Mwafrika hadi mwaka 1948. Sijui baba yake babu angalijibu nini kama angaliulizwa. Ninachojua ni nilivyojibu mimi.

Kuanzia Agosti 2017 watu walianza kuvuka kwa wingi kuja wilayani kwetu, wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa katika kituo cha muda cha Kenani, na kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala, ambako walipewa viwanja vya kujenga na sehemu za kulima. Nilikuwa na miaka 14. Siku moja kwenye pampu ya maji msichana wa umri wangu aliniomba kwa Kiswahili nimwachie achote kwanza, kwa sababu mdogo wake alikuwa na homa. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha mama yangu, hata mapigo ya sauti. Nilimwelewa neno kwa neno. Nikajifanya sikuelewa, na mbele ya wenzangu nikamwambia kwa Kibemba arudi kwao. Wenzangu wakacheka. Yeye akabeba ndoo yake tupu akaondoka.

Habari ilimfikia mama kabla ya jua kuzama. Hakunipiga. Aliniuliza tu: "Mwanangu, mimi nilivuka ziwa hilohilo na mimba ya kaka yako. Nani alinidai karatasi pampuni?"

Babu naye alikuwa na manung'uniko, lakini ya aina nyingine. Katika msitu wa Mantapala alizoea kuokota uyoga na ifishimu, viwavi tunaokausha na kula. Alikuwa akisema kwamba habari ya makazi aliisikia sokoni kama mtu anayesikia bei ya chumvi. "Wangekuja kuniuliza," alisema, "ningewaonyesha hata mahali penye udongo mzuri." Msimu wa kupanda ulipofika aliwapelekea majirani hao wapya mafungu ya vipando vya muhogo. Nilimuuliza kwa nini anawapa ilhali analalamika. Akanijibu kwa methali ambayo kila mtu anaijua, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akaongeza kuwa lalamiko lake haliwahusu wageni.

Nimelifikiria jibu la babu kwa miaka kadhaa, na naona linatenganisha mambo mawili ambayo mpango wa mwaka 1903 uliyachanganya: hifadhi na mamlaka. Anayekimbia kifo ana dai la hifadhi kwa yeyote anayeweza kumpokea, na mwenye nchi hana haki ya kulikataa kwa sababu tu ni mwenye nchi. Mamlaka juu ya ardhi ni jambo jingine. Hilo halitolewi na mtu wa tatu mwenye ramani, awe London au Basel. Litatoka kwa wenyewe, wakiulizwa, wakijua wanachotoa. Ukuta katika riwaya ya Tidhar, kama ninavyousoma mimi, ndio mwisho wa hifadhi iliyogeuzwa kuwa mamlaka bila kapu la udongo.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ni nzito. Watasema: mtu mwenye hifadhi bila mamlaka anaishi kwa huruma ya mwenyeji, na huruma huisha. Wayahudi wa Ulaya waliishi hivyo kwa karne nyingi mpaka Kishinev, na ndiyo maana walitaka nchi. Siwezi kuivunja hoja hii yote. Ninaweza kusema tu kwamba inamgeukia mwenyeji. Ikiwa hatutaki kila anayekimbia alazimike kutafuta nchi yake juu ya malisho ya mwingine, basi hifadhi tunayotoa isiwe huruma, iwe haki iliyoandikwa: haki ya kufanya kazi, ya kulima, ya kutembea. Mkimbizi wa Mantapala anayehitaji kibali ili atoke nje ya makazi yake bado hajapewa jembe lote. Amepewa mpini.

Kwa kuhitimisha, narudi kwenye swali la mwanzo. Historia isiyotokea ina thamani ya kimaadili kwa sharti moja: tunapoijenga tumuweke ndani pia yule ambaye hakuulizwa, na tujiweke sisi wenyewe mahali pa kujibu. Bila sharti hilo inakuwa kama kura ya Basel, hesabu juu ya ardhi ya watu wasiokuwepo ukumbini. Tukilitimiza, -ngali- inatufundisha kutumia -nge-. Msiri hawezi tena kutia saini, wala waliobaki Ukmergė hawawezi kuvushwa. Lakini mapigano ng'ambo ya ziwa hayajaisha, na mitumbwi bado ipo.

Msichana yule sikumwona tena, na jina lake sikulijua. Ningalimjibu kwa Kiswahili, angalichota maji akampelekea mdogo wake. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho. Mwingine akija na ndoo, nitamwelewa.